Mtoto wa Dresa Aliyechagua Meno

Wazee wetu, ndugu, majirani, mliofanya naye kazi, na ninyi wagonjwa wake ambao naona mmejaa hapa mpaka wengine mmeegemea ukuta, mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba yetu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yangu, si kwa sababu nina busara kuliko wengine, bali kwa sababu nimefundisha chekechea tangu usichana wangu na sauti yangu inafika barabarani bila kipaza sauti. Kaka yetu mkubwa aliomba historia iwe fupi, nami nilimkubalia kwa mdomo, kwa hiyo kaeni vizuri. Marehemu mwenyewe aliniagiza nisimpake asali, akasema asali ilishampa kazi ya kutosha alipokuwa mzima, basi nitasema mazuri yake na makosa yake, na atakayeona aibu atazame chini.

Dada alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 9 Agosti 1957, alfajiri, katika wodi ya wazazi ya hospitali ileile aliyokuwa akifanya kazi baba yetu, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watatu wa Baba, ambaye tunaye hapa mbele akiwa na miaka tisini na miwili, na wa mama yetu, fundi cherehani, aliyetutangulia mwaka 1999. Baba alikuwa dresa, yule mtu wa chumba cha vidonda anayesafisha, anayepaka dawa na kufunga bendeji, na koti lake jeupe Mama alilipiga pasi mpaka ungedhani litatembea lenyewe kwenda kazini. Siku Dada alipozaliwa, Baba alitoka wodini akapita chumba hadi chumba akiwatangazia wenzake kwamba amepata daktari, na kwa kuwa aliwatangazia watu wengi mno, wakiwemo madaktari wenyewe, ahadi ile ikawa deni juu ya kichwa cha mtoto ambaye hata macho alikuwa hajafungua vizuri.

Tulikulia katika nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya kiwanda cha sabuni, ambako hata mtoto mchafu alinukia, Kaka akilala chumba cha uani na sisi wasichana wawili tukilala chumba kimoja na cherehani ya Mama. Mama alikuwa na pengo la mbele, meno manne ya juu yaliyong'olewa yote kwa siku moja, sisi tukiwa bado hatujazaliwa, katika chumba cha mwisho cha hospitali, kile kilichopakana na dobi, na kwa sababu ya pengo hilo alikuwa akicheka huku amefunika mdomo kwa kiganja. Na alikuwa mtu wa kucheka, jamani, hata habari ya jirani kuteleza ilimtosha siku nzima, kwa hiyo cherehani ilikuwa ikisimama kila mara kwa kukosa mkono. Mimi niliona ndivyo mama zetu wanavyocheka, nikajifunza na mimi kufunika mdomo nikiwa na meno yangu yote, lakini Dada, aliyekuwa na jicho la kuuliza, alimuuliza Mama anaficha nini, Mama akasema anaficha aibu, na Dada akasema aibu ni ya aliyeyang'oa, akachapwa kofi dogo la mgongoni kwa kuwasema watu wazima.

Alianza elimu ya msingi mwezi Januari 1964 katika shule iliyokuwa ng'ambo ya reli, akamaliza mwaka 1970 akiwa wa kwanza, kisha akaingia sekondari ya bweni ya wasichana mwaka 1971, ambako alisoma hadi kidato cha sita na kumaliza mwaka 1976, akiwa kiranja wa usafi, cheo alichokitumia kukagua vinywa vya wenzake asubuhi, jambo ambalo halikuwa katika kanuni za shule na ambalo baadhi ya mashahidi walioko hapa hawajamsamehe mpaka leo. Matokeo ya mtihani yalipotoka alikuwa na alama za kuingia udaktari wowote autakao, na Baba aliyapokea kwa kuvaa koti lake la kazini siku ya mapumziko, akaenda hospitali kumkumbusha daktari mkuu wa upasuaji kwamba yule aliyezaliwa mwaka wa hamsini na saba sasa anakuja.

Dada alichagua meno. Alilisema mezani, tarehe 6 Machi 1977, siku ya Jumapili, mchana, sote tukiwa tunakula, na Baba aliweka kijiko chini, akasema kwamba mtu ana moyo, ana ini, ana figo, ana ubongo, na mtoto wake katika vyote hivyo ameona meno, akaongeza kwamba Mungu mwenyewe meno huyatoa mara mbili, la kwanza likianguka anatoa la pili, kwa hiyo hayawezi kuwa jambo zito. Alisema anakijua chumba cha mwisho, anaijua ile koleo, anamjua yule bwana wa kule aliyekuwa akimshika mgonjwa kichwa kwapani, na kwamba hakumsomesha mtoto miaka yote hiyo ili akakae jirani na dobi. Dada alimjibu kwa adabu zote, macho chini, kwamba ndiyo sababu anataka kwenda, kwa kuwa kile chumba kina mtu wa kung'oa na hakina daktari, na Mama aliinua kiganja kufunika mdomo, na safari hiyo hakuwa akicheka.

Kuanzia siku hiyo Baba alimlipia nauli, alimnunulia sanduku, alimsindikiza kituoni, kwa maana si baba wa kumtupa mtoto, lakini neno udaktari hakulitaja tena mbele yake, na watu walipomuuliza binti yake anasomea nini alijibu kwamba yuko chuoni, anaendelea vizuri. Wahenga walisema meno ya mbwa hayaumani, na ni kweli hawakuumana, ila kwa miaka mingi kila mmoja alimwonyesha mwenzake meno kwa upole, na Dada, ambaye hakuogopa profesa wala mtihani, aliishi akingojea kitu kimoja tu, siku ambayo Baba ataiona kazi yake kuwa ni kazi. Nasema hivyo kwa sababu nililala naye chumba kimoja na najua alichokuwa akikisema taa ikizimwa.

Alihitimu shahada ya udaktari wa meno tarehe 20 Novemba 1982, na mwezi Januari mwaka 1983 aliripoti katika hospitali yake ya kwanza, ambayo, kwa mipango ya Mungu na upungufu wa madaktari, ilikuwa ni hospitali ya Baba, na chumba alichopewa ni kilekile cha mwisho, jirani na dobi. Alikuta kiti cha mgonjwa cha kupandishwa kwa kukanyaga, ambacho kilishuka chenyewe kidogo kidogo, hivyo alianza kumtibu mgonjwa akiwa amesimama na kumaliza akiwa amepiga magoti, alikuta dirisha lisilofunguka na benchi la nje lililojaa watu walioshika mashavu. Alipaka kuta rangi mwenyewe, akalazimisha dirisha, akafunga pazia kati ya kiti na benchi ili wanaosubiri wasione, na akaweka desturi ambayo haikuwepo, ya kumwambia mgonjwa kabla ya kila jambo ni nini anakwenda kufanya na kwamba akiinua mkono yeye ataacha. Wa kwanza kuinua mkono, niliambiwa na muuguzi wake, alikuwa anataka tu kuhakikisha, akaunyanyua mara kadhaa mfululizo, na Dada akaacha kila mara bila kununa.

Kazi ya kwanza aliyoifurahia kuliko zote ni meno ya bandia ya Mama, aliyoyakamilisha mwezi Juni 1984. Jirani mmoja, ambaye namheshimu na ndiyo maana simtazami, alituambia siku hiyo kwamba jino la pembe si dawa ya pengo, na Mama akamjibu kwa kuagiza karoti mbichi, akaitafuna mbele yake mpaka mwisho bila kupepesa jicho, kisha akacheka mikono yote miwili ikiwa juu ya cherehani. Ni mara ya kwanza niliona mdomo wa mama yangu ukicheka. Baba alikuwa mlangoni, aliona yote, akasema haya, akaenda kulisha kuku.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo Kaka aliniomba niliruke, na ambalo marehemu alilisimulia mwenyewe kwa kila mwanafunzi aliyepita mikononi mwake, kwa hiyo haliwezi kuwa siri ya familia. Mwezi Februari mwaka 1987 Baba aliumwa jino, na kwa kuwa alijua njia ya kwenda kutibiwa inapita kwa nani, alilificha, akatia karafuu, akasukutua maji ya chumvi, akatafuna upande mmoja, akasema ni upepo, mpaka shavu likavimba, na Mama akamwambia kwamba mficha maradhi kifo kitamuumbua, na yeye hana nia ya kuwa mjane kwa sababu ya gego. Siku ya Alhamisi, tarehe 12 Februari, Baba aliingia katika chumba cha mwisho akiwa amevaa koti lake jeupe, kama mtu aliyekuja kukagua, akaketi, akaonyesha kwa kidole gego la chini upande wa kushoto, akasema ni hilo.

Dada aligonga gego hilo kwa mpini wa kioo chake, akagonga la jirani, akapanda kugonga ya juu, akaona kwa macho yake kwamba lililooza ni la juu, limetoboka kwa nyuma, na kwamba maumivu yalikuwa yanashuka, kwa maana mishipa ya meno ina tabia hiyo, jino la juu linaharibika na la chini linalia. Alimweleza Baba. Baba akasema kinywa hiki anacho kwa miaka hamsini na mitano, anayeumwa ni yeye, yeye ameanza kufanya kazi hospitali kabla Dada hajawa hata wazo, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu, basi atoe hilo la chini, na upesi. Ndugu zangu, sisi tulilelewa hivi, Baba akisema jambo mara ya pili, mjadala umekwisha, na Dada, pamoja na shahada yake, pamoja na ile desturi yake ya kuacha mgonjwa akiinua mkono, alikuwa ni binti ambaye tangu azaliwe hajawahi kumbishia baba yake mara mbili. Alichoma sindano ya ganzi, akang'oa gego la chini, likatoka jeupe, zima, na mizizi yake yote, na muuguzi aliyekuwa ameshika trei aliangalia dari.

Siku ile Dada alilisikia la mkuu, na aliyevunjika ni mkuu. Ganzi ilipoisha mchana maumivu yalikuwa palepale, tena yamepata nguvu mpya, na Baba alikaa uani ameshika shavu lake. Dada alifika nyumbani jioni, hakuingia kwa mumewe kwanza, maana alikuwa ameshaolewa, alikuja moja kwa moja hadi kwetu, akasimama mbele ya Baba, sote tukiwepo, akasema amemng'oa jino zima, alijua ni zima, akang'oa, kosa ni lake, na kwamba ameshakwenda kwa mganga mkuu kumwambia hivyohivyo, na kwamba anaona hafai, kazi hii ataiacha. Hakusema Baba ndiye aliyeamuru. Mimi nilitaka kusema, mnanijua, mdomo wangu ulikuwa umekwisha kufunguka, Mama akanikanyaga mguu. Dada aliingia chumba chetu cha zamani, akalala kitandani kwake na viatu, na nilipomshika bega aliniambia kwamba miaka kumi amengojea Baba akae kwenye kile kiti, na alipokaa, yeye akasahau yeye ni nani.

Siku nne hakwenda kazini. Siku ya Jumanne asubuhi muuguzi wake alikuja mbio kumwita, akasema kuna mgonjwa amekataa katakata kuhudumiwa na daktari wa zamu kutoka wilaya ya jirani, na amekataa kuondoka benchini, na Dada alipofika, akiwa bado hajaamua kama amekuja kufanya kazi au kuaga, alimkuta Baba. Hakuwa na koti. Alikuwa amevaa shati la kawaida, amechukua namba kama watu wote, ingawa nusu ya hospitali ilimsihi apite mbele, na alikuwa amekwisha kuwasimulia watu wa benchi lote, mmoja baada ya mwingine, shavu likiwa limevimba kiasi kwamba maneno yalitoka upande mmoja, kwamba binti yake alimwambia ukweli naye akautandika ukweli huo kwa ubaba, na wao wasije wakafanya ujinga wake. Zamu yake ilipofika alikaa kwenye kiti, akamwambia Dada kwamba juzi alikuja akiwa baba, leo amekuja akiwa mgonjwa, akafungua mdomo, akanyamaza mpaka gego la juu lilipotoka, na Mama alisema huo ulikuwa ni muda mrefu kuliko wote Baba aliowahi kukaa kimya tangu wafunge ndoa.

Mganga mkuu alimpa Dada onyo alilostahili, na Dada akarudi kazini, na tangu siku hiyo aliweka sheria moja isiyo na msamaha, kwamba ukikaa kwenye kile kiti huna cheo, uwe mheshimiwa, uwe shehe au padri, uwe mama mkwe wake, utaonyesha panapouma, kisha utamwachia yeye agonge jino moja moja mpaka lile lenye hatia lijitaje. Mama mkwe wake alijaribu sheria hiyo mara moja, na tukaishia hapo. Baba naye alipata kazi mpya ambayo hakuna aliyempa, kwani baada ya kustaafu chumba cha vidonda alianza kuwasimamisha watu njiani na vituoni, akawaomba wacheke, akawatazama, na kuwaelekeza chumba cha mwisho, na wapo mliokaa hapa leo mlioletwa na Baba kwa kushikwa mkono. Ila asante hakusema. Kwetu baba hakuwa mtu wa kuwashukuru watoto, alikuwa mtu wa kusema haya, na Dada akawa anacheka, anasema haya ya Baba inatosha, lakini mimi ni mdogo wake, niliona jinsi alivyokuwa akimtazama kila alipomaliza kumtibu, akikunja kile kitambaa cha kifuani polepole kuliko ilivyohitajika.

Alifanya kazi katika hospitali hiyo hadi mwaka 1998, akahamia kliniki ya manispaa, kisha tarehe 1 Julai 2003 akafungua chumba chake mwenyewe juu ya duka la rangi, ambako mtu alipanda ngazi akiwa ameshika shavu na kushuka akiwa ameshika mswaki, kwa sababu hakumwacha yeyote atoke mikono mitupu, na huko ndiko watoto walikompa jina la Mama Mswaki. Alifundisha madaktari vijana wengi, akatembelea shule, ikiwemo chekechea yangu, ambako watoto wangu walimwogopa kwa robo saa, kisha nikashindwa kuwatoa mapajani mwake. Alistaafu rasmi mwezi Agosti 2019, na kwa njia isiyo rasmi hakustaafu kamwe.

Nirudi nyuma kidogo kwenye ndoa, maana shemeji yangu ananitazama. Mwaka 1984, mwezi Oktoba, alifika benchini kijana mpiga tarumbeta wa bendi ya reli, aliyeteleza jukwaani na kuvunja jino la mbele, na kwa mpiga tarumbeta jino la mbele ni chakula cha nyumbani, bila hilo upepo hauna pa kupita vizuri. Dada alimtengenezea jino, lakini kila alipolijaribu kijana alisema noti moja ya juu haitoki, kwa hiyo ikabidi aje na tarumbeta, na hospitali nzima ikawa inasikia vipimo vyao, Dada anasugua jino kidogo, shemeji anapuliza, anasugua, anapuliza, dobi wanacheza. Noti ilitoka mapema sana, shemeji amekwisha kukiri hilo, ila aliendelea kuja akidai bado. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 14 Septemba 1985, na bendi ya reli ilipiga bure, na katika miaka yote ya ndoa yao sijawahi kusikia wakigombana kwa zaidi ya jambo moja, nalo ni shemeji kufungua chupa za soda kwa meno ambayo hakuyalipia.

Mwenyezi Mungu aliwajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1988, ambaye ni mhandisi wa maji, na kijana aliyezaliwa tarehe 27 Januari 1992, ambaye aliwaita wazazi wake siku moja akawatangazia kwamba anataka kuwa mwoka keki. Nilikuwepo. Sisi wote tuliokuwepo tulimwona Baba akimtazama Dada kuona atasema nini, na Dada akamwambia mwanawe aende, asome vizuri, na apunguze sukari. Baba akasema haya. Keki mtakazokula leo baada ya shughuli ni za kijana huyo, na mkumbuke kusukutua. Marehemu ameacha pia wajukuu watatu, wote wana meno safi, hawana njia nyingine.

Afya yake ilianza kuyumba mwezi Novemba 2022, alipoanza kuchoka kwa kupanda ngazi, na vipimo vikaonyesha kwamba moyo wake umepanuka na hausukumi damu inavyotakiwa. Alitibiwa kwa mwaka na nusu, akitoka na kuingia wodi ya moyo, na alikuwa mgonjwa mtiifu kupita kiasi, hakumfundisha daktari kazi hata mara moja, dawa alizimeza kwa saa, ila hakuweza kujizuia kwa jambo lake, kwani alimwona daktari kijana wa zamu akitafuna upande mmoja wakati wa chai, akamwinamisha kitandani, akamwona gego la mwisho linakuja kimshazari, akamwandikia pa kwenda. Baba alikuwa akija kila asubuhi na bakora yake, na kabla ya salamu kwisha Dada alikuwa ameshaomba tochi ya muuguzi na kijiko cha chai, Baba anainama, anafungua mdomo, Dada anagonga jino moja moja kwa kijiko, wodi nzima inasikiliza, anasema haya, Baba, yako salama. Kwa miaka tisini na miwili Baba amepungukiwa na meno machache sana, na moja kati ya hayo mnalijua.

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, aliamka amechoka, akaomba afungiwe nywele, akazungumza na watoto wake na mumewe, akacheka kwa jambo ambalo shemeji amelihifadhi kwa ajili yake mwenyewe, na saa nne asubuhi akatutoka, Baba akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka sitini na sita.

Familia inawashukuru kwa dhati madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, waliomtunza kama mama yao na kuvumilia kukaguliwa vinywa, inawashukuru majirani wa nyuma ya kiwanda na wa mtaa wa duka la rangi kwa maji, viti, vyombo na bega la kulilia, inawashukuru madaktari wenzake wa meno na wanafunzi wake waliofunga vyumba vyao leo ili wawe nasi, inamshukuru muuguzi aliyefanya naye kazi chumba cha mwisho, ambaye safari hii hatazami dari, na bendi ya reli, wazee kwa vijana.

Shukrani hizi nilimsomea Baba jana mchana, kama ilivyo heshima, akanisikiliza amefumba macho, kisha akasema katika madaktari nimesahau mmoja. Nikamwambia wote wamo, hata yule wa gego la mshazari. Akasema mmoja hayumo, akanitajia, nami, kwa ubishi wangu mnaoujua, nikamweleza kwamba marehemu hashukuriwi ndani ya historia yake mwenyewe, utaratibu hauko hivyo, akaniambia niandike anavyosema na nisiguse neno, na sikumbishia mara ya pili. Basi nasoma alivyosema. Baba anasema, namshukuru daktari wangu wa meno. Niliikataa kazi yake, naye akanitibu kwa kazi hiyohiyo miaka thelathini na saba. Asante hii nilimwekea siku yangu ya kuaga, kwa kuwa nilijua atakayetangulia kuaga ni mimi.

Pumzika kwa amani, Daktari.